Kabichi Isiyoliwa

Mgeni aketiye mezani nchini Ureno huenda akashangaa kuwekewa kabichi nzima, majani yamejikunja, mishipa yaonekana wazi. Lakini jani la juu likiinuliwa, mvuke wa supu hutoka. Kumbe kabichi ni bakuli la udongo, na jani ni kifuniko chake!

Aliyevipatia sifa vyombo hivyo ni Rafael Bordalo Pinheiro, mzaliwa wa Lisbon mwaka 1846. Kwanza alikuwa mchoraji wa katuni za kuwakejeli wakubwa. Mwaka 1875 alimbuni Zé Povinho, mtu wa kawaida atwishwaye mizigo na watawala.

Mwaka 1884 alishiriki kuanzisha kiwanda katika Caldas da Rainha, mji wa wafinyanzi tangu zamani. Huko mboga ya mnyonge ilipewa heshima ya meza kuu. Udongo ulifinyangwa kwa umbo la kabichi, ukachomwa, ukapakwa rangi ya kijani, kisha ukarudishwa tanuuni hadi ukang'aa kama kioo.

Bordalo alifariki mwaka 1905, na mwanawe, Manuel Gustavo, akaiendeleza kazi hiyo. Miaka ilipita, na taabu zikaja. Mwaka 2009 kiwanda kilikuwa karibu kufungwa, na riziki ya wafanyakazi mashakani, kikanunuliwa na kampuni nyingine ya Kireno. Tanuu hazikuzimwa.

Hivyo mboga ambayo mama wa nyumbani huikatakata kila siku bila kuitazama, mjini humo imekuwa chakula cha watu kwa njia nyingine.