Je, Wajua? Dawa ya Magugu Hulala Wapi Ikishapulizwa

Je, wajua wekundu wa udongo wa Muheza, mkoani Tanga, ni kutu ya chuma? Kutu hiyo ina kazi. Dawa ya magugu iitwayo glaifosati ikidondoka chini, kutu huinasa papo hapo, isipande tena mizizini. Ndiyo maana mtu hupuliza leo, siku chache baadaye akafukia mahindi, nayo yakaota bila neno. Ila kunaswa si kuisha. Wanaoimeng'enya ni bakteria, na hata wao huacha kipande kiitwacho AMPA, ambacho mara nyingi hukawia udongoni kuliko dawa yenyewe.

Dawa nyingine, parakwati, hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi kwa miaka, na magugu huota juu yake kana kwamba haipo.

Bromasili, dawa ya mashamba ya mkonge, haishikiki hivyo. Mkonge huivumilia, na ardhi iliyopulizwa hukaa miezi mingi bila jani. Tatizo, bromasili hufuata maji yanakoshukia, na penye kichanga huweza kufika kisimani. Ukikodishwa nafasi kati ya mistari ya mkonge upande maharage, uliza kwanza palipulizwa nini. Mimi ningeuliza hilo kabla hata ya bei.

Je, wajua dawa ya magugu ya mahindi, atrazini, ile ile huweza kuisha upesi Muheza na kukawia kwenye udongo wa chokaa wa upande wa Amboni? Uchachu wa udongo huivunja, chokaa huilinda. Kwa makisio ya kawaida nusu yake hupotea kila siku 60, kwa hiyo iliyopulizwa Aprili, wakati wa masika, ifikapo vuli ya Oktoba imebaki sehemu moja ya nane. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Udongo ukikauka vijidudu hulala, na dawa hubaki ilipo. Mahindi huweza kuivunja ndani ya majani yake; maharage hayawezi.

Una shaka kuwa atrazini imebaki shambani? Toboa makopo mawili chini. Moja jaza udongo wa shambani, la pili udongo wa uani usiowahi kuona bomba la dawa. Panda maharage matano kila kopo, weka juani, mwagilia. Yote yataota vizuri, usishangilie. Baada ya wiki mbili tatu tazama majani ya chini, yale yaliyotangulia. Yakianza kuwa manjano kutoka kingoni, na ya kopo la uani bado ni kijani, huenda atrazini ingalimo.