Kitasa Janja na Mlango Kinamofungwa

Kitasa janja ni kitasa cha mlango ambacho ulimi wake, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye tundu la fremu, husukumwa na mota ndogo ya betri badala ya kuzungushwa kwa ufunguo, na ambacho humtambua anayeruhusiwa kuingia kwa namba ya siri, alama ya kidole, kadi au simu janja. Wauzaji hukinadi kama kinga dhidi ya wezi, dai lenye ukweli nusu tu, kwa kuwa mota na kompyuta ndogo iliyomo ndani haziongezi ugumu wowote kwenye ubao wa mlango wala kwenye skrubu zinazoishika fremu ukutani. Kinachobadilika hasa ni usimamizi wa ruhusa: nani aingie, saa ngapi na kwa muda gani. Familia iliyolazimika kung'oa kitasa kizima kwa sababu mfanyakazi wa ndani aliondoka na ufunguo, au mwenye nyumba anayepangisha vyumba kwa wageni wa siku mbili tatu, ana sababu ya kweli ya kukinunua. Mwenye mlango wa plaiwudi ulio wazi ndani angefaidika zaidi kwa kununua mlango kwanza.

Uchaguzi kwa hiyo huanzia mlangoni, si dukani. Hupimwa unene wa mlango, umbali kutoka ukingoni hadi katikati ya tundu la ufunguo, ambao mara nyingi huwa milimita 60 lakini si kila mahali, na upande unaofungukia, maana kitasa kisicholingana na vipimo hivyo humlazimisha fundi kuuchimba mlango upya na kuudhoofisha palepale panapotakiwa nguvu. Milango ya nakshi ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo mbao zake mbili hukutana kwenye mfaa, yaani ule mhimili wa katikati, haipaswi kuguswa kabisa na patasi kwa kazi hii. Hata katika nyumba za kawaida, jambo dogo linalosahauliwa ni kwamba mlango wa mbao hunywa unyevu na kuvimba wakati wa masika, ulimi ukaanza kusugua ukingo wa tundu. Mwenye ufunguo wa kawaida huusukuma mlango kwa bega huku akizungusha, mambo yakaisha; mota haina bega, nayo hujaribu, ikashindwa, ikajaribu tena, hadi betri ikaisha kabla ya wakati wake. Mlango usiofunga kwa wepesi kwa mkono hauwezi kufungwa kwa wepesi na mashine, na randa ya seremala hutangulia kitasa.

Vitasa janja vingi bado vina tundu la ufunguo wa dharura lililofichwa chini ya kifuniko. Ndani yake mna silinda ya pini, mfumo ambao Mmarekani Linus Yale Mdogo alipewa hataza zake mwaka 1861 na 1865: pini fupifupi zinazosukumwa na springi huizuia silinda isizunguke mpaka meno ya ufunguo yazipandishe zote kwa kimo chake. Mwizi mzoefu hana haja ya kupambana na kompyuta iwapo silinda hiyo ni duni, na katika vitasa vya bei ya chini mara nyingi ni duni, kwa sababu gharama imeelekezwa kwenye kioo na taa zinazomvutia mnunuzi. Alama ya kiwango cha Marekani cha ANSI/BHMA, chenye daraja la 1 hadi la 3 na la 1 likiwa la juu, husema mengi zaidi kuhusu uimara wa chuma kuliko orodha ya njia sita za kufungua.

Kuhusu utambuzi, namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 na ya tarakimu sita ina 1,000,000, lakini hesabu hiyo huporomoka pale vidole vinapoacha mafuta juu ya vitufe vilevile kila siku, kwani anayeona tarakimu nne tofauti zilizochakaa amebakiwa na mipangilio 24 tu ya kujaribu. Kitasa kizuri hujifunga kwa muda baada ya makosa kadhaa, na humruhusu mtumiaji kuongeza tarakimu za uongo kabla na baada ya zile za kweli. Alama ya kidole ni nyepesi kutumia, ila huwasumbua wazee na watu ambao saruji, sabuni au jembe vimelainisha michirizi ya vidole vyao, basi isiwe njia pekee katika nyumba yenye bibi au fundi ujenzi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu alama hiyo miongoni mwa taarifa nyeti, na kwa haki, kwa maana namba iliyovuja hubadilishwa ilhali kidole kilichovuja ndicho hichohicho hadi mwisho. Mnunuzi aulize, kabla ya kulipa, kama alama huhifadhiwa ndani ya kitasa chenyewe au husafirishwa hadi kwenye kompyuta za kampuni.

Mawasiliano ndiyo sehemu ambayo kitasa janja huongeza hatari ambayo cha kawaida hakina. Mwaka 2016, katika mkutano wa DEF CON jijini Las Vegas, watafiti Anthony Rose na Ben Ramsey walionyesha kwamba kati ya vitasa 16 vya Bluetooth walivyovijaribu, 12 vilifunguka kwa hila, vingine kwa sababu vilirusha nywila hewani bila kuificha. Mwaka uliofuata kampuni moja ya Marekani ilituma masasisho yenye kasoro kupitia intaneti, na mamia ya vitasa, vingi vikiwa vya nyumba za wageni, vikaacha kuitikia namba; ufunguo wa chuma ndio uliowaokoa wenye nao. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, inawataka watengenezaji kutaja muda watakaoendelea kutuma masasisho ya usalama na kuacha nywila moja inayofanana kwa bidhaa zote. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi asiyelindwa na sheria hiyo anaweza bado kuutafuta muda huo kwenye maelezo ya bidhaa, na kimya cha mtengenezaji ni jibu tosha. Kwa nyumba isiyo na haja ya kufunguliwa kutoka mbali, kitasa kisichounganishwa na intaneti kinatosha, tena betri zake hudumu zaidi.

Kukatika kwa umeme hakukigusi kitasa cha betri, ambacho hubaki kimefungwa na ambacho, betri zikiisha, hupewa nguvu kwa muda kwa kugusisha betri ya volti 9 au kuchomeka waya wa USB upande wa nje. Kufuli la sumaku linalotumika kwenye baadhi ya mageti ni kinyume chake: umeme ukikatika bila betri ya akiba, geti liko wazi. Lililo zito zaidi ni upande wa ndani. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki madirisha yamefungwa kwa nondo, hivyo mlango ndio njia pekee ya kuukimbia moto, na kitasa kisichofunguka kutoka ndani kwa kuzungusha mpini wake tu, bila namba, simu wala betri, hakifai kufungwa katika nyumba hizo hata kikitolewa bure.

Anayehamia nyumba yenye kitasa janja tayari hurithi pia ruhusa zote zilizotolewa kabla yake. Kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani, ambacho kwa kawaida hukaa chini ya kifuniko cha betri, hufuta namba na vidole vya waliotangulia, na baada ya hapo namba kuu ya kiwandani, mara nyingi 123456, hubadilishwa siku hiyohiyo. Akaunti ya simu ya mmiliki wa zamani, hata hivyo, kwa baadhi ya vitasa hufutwa na mmiliki huyo mwenyewe tu, na hilo lifanyike kabla hajakabidhiwa fedha ya mwisho.