Baiskeli Yako na Masika (3): Madigadi Huchaguliwa kwa Kipimo

Wiki iliyopita tulieleza namna ya kuchagua tairi. Leo tunaingia kwenye madigadi, kifaa ambacho wengi hukiona pambo. Baiskeli za haibridi, zile zilizo kati ya baiskeli ya mbio na ya milimani, mara nyingi huuzwa bila madigadi, na mwenye nayo hukumbuka mvua ikishaanza.

Tuanze na sababu. Tairi linapopita kwenye maji huyabeba na kuyarusha kufuata mzunguko wake. Maji ya gurudumu la nyuma humpiga mpandaji mgongoni, ndiyo maana wengi hufunga madigadi ya nyuma peke yake wakaridhika. Lakini hasara kubwa hutoka mbele. Gurudumu la mbele hurusha maji yenye mchanga kwenye viatu, kwenye pedeli na kwenye cheni. Mchanga ukishachanganyika na mafuta, husaga cheni pamoja na meno ya gia. Anayelinda cheni yake basi afunge madigadi zote mbili.

Kabla ya kwenda dukani, soma ubavu wa tairi lako. Haibridi nyingi zina maandishi kama 40-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa. Madigadi iwe pana kuliko tairi kwa milimita 10 hivi: tairi la 40 litafutiwe madigadi ya 50. Usitegemee inchi peke yake. Baiskeli kubwa za zamani za inchi 28 kwa 1½ zina rimu ya 635, na haibridi yenye 622 nayo huitwa 28. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 ina rimu ya 559, hivyo madigadi yake imepinda zaidi na haitafuata mviringo wa gurudumu lako.

Kisha kagua fremu. Tafuta matundu yenye hesi karibu na ekseli, mbele na nyuma. Mengi hupokea skrubu ya milimita 5. Kama hayapo, tumia vibanio vyenye mpira ndani, vinavyozunguka bomba la fremu bila kulikwaruza. Uma wenye springi mara nyingi hauna matundu hayo, kwa hiyo tafuta madigadi fupi inayofungwa kwenye uma wenyewe. Penye breki za diski, hakikisha vijiti vya chuma vinavyoshikilia madigadi vinaipita breki bila kuigusa.

Katika kufunga, anza na ya nyuma. Ifunge kwanza karibu na pedeli, kisha kwenye daraja la fremu juu ya tairi, halafu vijiti. Acha nafasi ya milimita 10 kati ya mgongo wa tairi na madigadi, kuanzia ncha moja hadi nyingine. Kwa anayepita njia za udongo mweusi wa mbuga, nafasi hiyo haitoshi. Udongo ule hunata na kujaa mpaka gurudumu likwame, hivyo aongeze nafasi kadiri fremu inavyoruhusu. Kama kariya inatumia tundu lilelile la kijiti karibu na ekseli, iweke upande wa fremu na kijiti cha madigadi kikae nje, maana kariya ndiyo inayobeba uzito. Angalia pia kwamba ncha ya skrubu haitokezi ndani na kugusa cheni ikiwa kwenye gia ndogo kabisa. Vijiti vikatwe mwisho, baada ya kupima, na ncha zake zifunikwe.

Sasa nisisitize jambo linalohusu uhai. Kijiti cha mti kikinaswa kati ya tairi la mbele na madigadi, madigadi inaweza kujikunja, gurudumu likasimama ghafla na mpandaji akarushwa juu ya usukani. Kwa hiyo nunua madigadi ya mbele yenye vishikizo vya plastiki vinavyoachia vikivutwa kwa nguvu, wala usivibadilishe kwa waya. Madigadi iliyolegea au kupasuka karibu na skrubu ikazwe au ibadilishwe kabla ya safari.

Mwisho, ongeza kipande cha mpira kwenye ncha ya chini ya madigadi ya mbele. Mpira wa ndani uliochakaa unatosha, na ndio utakaozuia maji mengi yanayoifikia cheni.

Ndugu msomaji, masika huanza Machi. Soma namba za tairi lako leo, uziandike, na umwendee fundi ukiwa nazo mkononi. Zungusha magurudumu yote mbele yake, ukaze kila skrubu, kisha ndipo ulipe.

Wiki ijayo: breki kwenye barabara yenye maji.