Dawa ya Degedege kwa Aliyeumia Kichwa: Kwa Nini Damu Inapimwa?

Tuseme kijana wako ameanguka na bodaboda, ameumia kichwa vibaya, na amelazwa ICU katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Unamwona muuguzi akitoa damu tena na unajiuliza, "Damu hii yote ni ya nini?" Usikatae. Sikiliza kwanza.

Ubongo ulioumia unaweza kuleta degedege, hasa siku 7 za kwanza. Kwa hivyo mgonjwa hupewa dawa ya kuizuia, mara nyingi fenitoini. Ikipungua, degedege hutokea. Ikizidi, mgonjwa husinzia, macho huchezacheza, ulimi huwa mzito, na akisimama hupepesuka. Kiasi kinachofaa ni mikrogramu 10 hadi 20 katika kila mililita ya damu.

Lakini kuna jambo lingine. Dawa hii ni kama abiria wa matatu. Sehemu 9 kati ya 10 husafiri zimebebwa na albumini, yaani protini ya damu. Ile moja iliyoshuka ndiyo hufanya kazi kwenye ubongo. Mgonjwa mahututi hupungukiwa na albumini, hivyo abiria wengi zaidi hushuka. Kipimo cha jumla kinaweza kuonekana sawa, kumbe dawa inayofanya kazi imezidi. Ndiyo maana daktari huangalia pia albumini na hali ya mgonjwa.

Mama, wewe una kazi gani?

1. Usitie uji wala maziwa kwenye mpira wa puani bila kumwuliza muuguzi. Chakula hicho kikikutana na fenitoini, dawa haiingii mwilini vizuri.

2. Taja dawa zote alizokuwa akitumia, hata za mitishamba. Rifampisini ya TB hupunguza fenitoini katika damu.

3. Ukiona dalili za dawa kuzidi, sema mara moja.

4. Mkirudi nyumbani, usiongeze, usipunguze, wala usiikatize dawa mwenyewe. Wengine huambiwa waache baada ya siku 7. Mwulize daktari kabla ya kununua nyingine.

Akishikwa na degedege nyumbani, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na umpeleke hospitali upesi.

Damu kidogo inayotolewa leo humlinda mtoto wako.