Kumweka Paka Ndani Usiku

Watu wengi hudhani kwamba kichaa cha mbwa huwapata mbwa tu. Sivyo. Paka naye, akiumwa na mbwa au mbweha mwenye ugonjwa huo, huupata. Na kwa kuwa paka hulala jikoni pamoja na watoto, huuleta karibu nao sana. Basi yafaa aingizwe ndani kabla ya giza, apewe chakula chake, na mlango ufungwe. Atalia siku mbili tatu, mwache alie. Panya wa nyumbani watampa kazi. Tena achanjwe.

Akimwuma au kumpapura mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Asingoje dalili, maana zikiisha kutokea, kupona ni nadra mno.