PAKA ALIYEVUNJIKA MGUU

Fungueni madaftari yenu.

Hapa Mwanza paka ni mlinzi wa nyumba. Hukamata panya wanaoharibu mahindi na mpunga wetu. Lakini pengine huanguka kutoka juu ya mawe yetu makubwa, au hugongwa na baiskeli, akavunjika mguu. Tufanyeje?

Kwanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Yeye ndiye ajuaye kuunyosha mfupa na kuufunga.

Pili, mpumzishe. Mfupa wa paka mzima huchukua majuma 6 mpaka 8 hivi kuungana. Mweke katika sanduku pana, lenye gunia safi, maji, na karai dogo la mchanga wa kujisaidia. Asipande, asiruke. Mpe samaki wa ziwani aliyechemshwa bila chumvi, ukiisha kutoa miiba.

Tatu, tazama vidole vyake kila siku. Vikivimba au kuwa baridi, au bandeji ikilowa au kunuka, usingoje kesho. Rudi kwa daktari.

Nne, sikilizeni sana. Usimpe kamwe dawa ya maumivu ya watu. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli chaweza kumwua. Mwili wake hauwezi kuiondoa sumu ya dawa hiyo, na damu yake hushindwa kuchukua hewa. Huruma yako itamwua mlinzi wako.

Sasa andikeni jibu: Kwa nini dawa ya mtu si dawa ya paka?

Kwa herini.