Gato ya kuonyesha: uzuri bila deni

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kuiona. Ni siku ya posho, saa za magaribi, ndani ya sale ya fete ya Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi. Waarusi wanaingia na muziki, na karibu na meza yao inasimama gato nyeupe ya etaji tano, yenye maua na lulu. Watoto wanaikazia macho. Wamama wanahesabu kwa kunong'ona: mayayi ngapi? sukari kilo ngapi? Kisha bwana-arusi na bibi-arusi wanakamata kisu, wanakata pahali pamoja tu, kule chini, na watu wanapiga makofi. Pengine pote hakuna anayegusa. Kwa nini? Kwa sababu hailiwe. Ndani yake hamna unga wala yayi. Ndani yake ni frigoliti, kile kitu cheupe na chepesi wanachofungia televizio ndani ya kartoni.

Wengine wakijua hivyo wanakasirika: "Kumbe ni bongo!" Wengine wanacheka tu. Mimi ninaomba tuongee juu ya gato hii kwa utulivu, maana inagusa mambo mawili ya nyumba zetu: feza na kusema kweli. Na wewe kijana, ao wewe binti, usifunge gazeti. Ndani ya jambo hili kuna kazi ya mikono.

Haikuanzia kwetu

Usifikiri kwamba ni maskini wa Afrika waliovumbua gato isiyoliwa. Mwaka 1858, binti wa kwanza wa Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa. Gato yake ilikuwa ndefu sana, lakini gato yenyewe ilikuwa chini tu. Sehemu za juu zilikuwa sukari iliyorembeshwa.

Nyuma yake ikaja vita ya pili ya dunia. Sukari ikawa haba, na mwezi wa nane wa mwaka 1940 serikali ya Uingereza ikakataza kupakaa glasi ya sukari juu ya magato. Lakini watu hawakuacha kuoana. Wakafanya nini? Wakatengeneza vifuniko vya kartoni ao vya plastari, vyenye umbo la gato ya etaji. Watu walivikodi kwa siku ya arusi. Kifuniko kilikaa juu ya gato ndogo, picha zikapigwa, kisha kikaondolewa na watu wakala kile kidogo kilichokuwa chini. Sukari iliendelea kugawiwa kwa kipimo mpaka mwaka 1953. Wazee wetu waliokulia katika kambi za Union Minière wataelewa mambo haya bila kufasiriwa, kwa sababu walijua mposho ni nini.

Angalia neno moja hapa: hakuna aliyedanganywa. Kila mgeni alijua kwamba sukari haiko. Kifuniko kilileta furaha, hakikuleta hila. Tutarudi kwa neno hili.

Faida yake

Faida ya kwanza ni mfuko. Mara nyingi baba anasema: "Tupunguze." Na nyumba inajibu: "Sasa, baba, batu batasema nini?" Basi anakwenda kukopa. Tuseme anakamata dola 200, na mwisho wa mwezi anapaswa kurudisha 260. Arusi inaisha kwa siku moja, lakini dola zile 60 za juu zinatoka katika chakula cha watoto ao katika feza ya masomo. Na wale watu waliopaswa "kusema" wamekwisha kusahau gato.

Faida ya pili ni uzito. Etaji moja ya gato ya kweli, yenye upana wa santimetre 30 na urefu wa santimetre 10, inaweza kufika karibu kilo 3. Etaji ya frigoliti ya kipimo kile haifiki nusu kilo, hata ukipakaa glasi nyembamba. Kwa njia zetu zenye mashimo, utafikisha ipi bila kuvunjika?

Faida ya tatu ni wakati. Gato ya kweli inapaswa kurembeshwa haraka, mbele haijaharibika. Ile ya frigoliti unaweza kuanza majuma mawili mbele, pole pole, kila magaribi kidogo.

Namna ya kuitengeneza

Anza na etaji tatu: upana wa santimetre 30, 23 na 16, kila moja na urefu wa santimetre 10.

1. Kata. Tafuta frigoliti nene na safi. Chora duara kwa kutumia sahani ao sufuria, kata na kisu kirefu chenye makali, kisha sugua kwa karatasi ya kusugulia mbao. Fanya kazi hii inje, na ujifunge kitambaa puani. Mabaki usiyatupe ndani ya mbabula: moshi wake ni mweusi na ni mbaya kwa kifua.

2. Gandisha. Tumia koli nyeupe ya mbao. Koli yenye harufu kali kama ya petroli inayeyusha frigoliti, na kazi yako itakuwa mashimo. Pitisha kijiti cha mbao katikati ya etaji zote, na uzigandishe juu ya ubao mzito. Gato hii ni nyepesi. Upepo wa dirisha unaweza kuiangusha mbele ya wageni.

3. Piga glasi. Kamata mayayi 3, sehemu nyeupe tu, na sukari ya unga karibu gramu 500. Tia matone ya ndimu. Piga mpaka iwe nyeupe na isimame yenyewe juu ya mwiko. Funika bakuli na kitambaa chenye maji kidogo, kwa sababu glasi hii inakauka upesi.

4. Pakaa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa kuziba matundu. Acha siku moja, sugua kidogo, kisha pakaa tena. Wakati wa kipwa inakauka vizuri, lakini ufunike juu ya vumbi. Wakati wa masika sukari inavuta maji ya hewa. Uipe siku nyingi zaidi, na usiiweke karibu na sufuria inayochemka.

5. Rembesha. Tia glasi ndani ya karatasi iliyokunjwa kama pembe, kata ncha, na ukamue maua, majani na lulu. Anzia juu, shuka chini, kusudi mkono wako usiharibu kile ulichokwisha kufanya.

6. Fanya pahali pa kisu. Katika etaji ya chini, kata pengo kama kipande cha gato. Litandike karatasi ya aluminyo. Siku yenyewe ya arusi, weka ndani kipande cha gato ya kweli, na uifunike na krimu mpya ya siagi na sukari. Weka utepe hapo, na uwaonyeshe waarusi mapema. Kisu kikikosea pahali, sale nzima itasikia frigoliti inalia!

Na wageni watakula nini?

Watakula gato ya kweli, iliyopikwa katika plato za kawaida na kukatwa kule jikoni. Plato ya santimetre 40 kwa 30, ukikata vipande vya santimetre 5 kila upande, inatoa vipande 48. Plato tano zinatoa 240. Hizi hazihitaji maua wala lulu. Zinahitaji unga mzuri na mayayi mazima. Hapo ndipo feza yako iende.

Lakini angalia watoto. Wao hawajui tofauti. Frigoliti inaweza kukwama katika koo, na glasi iliyokaa majuma mawili na mayayi mabichi na vumbi si chakula. Andika chini ya ubao: HAILIWE. Weka mtu mkubwa karibu nayo. Na kama umetumia plastari ao rangi ya nyumba, usithubutu kuweka kipande cha kula ndani yake.

Uongo unaanza wapi?

Sasa turudi kwa lile neno la kudanganya. Gato ya kuonyesha si uongo, kama vile maua ya plastiki juu ya meza si uongo. Uongo unaanza pale mtengenezaji anapokamata feza ya etaji tano za kweli na kuleta moja. Unaanza pale familia ya kijana inapowahakikishia wakwe kwamba yote ni ya kula. Unaanza pale wageni mia mbili wanapongoja kipande ambacho hakikupikwa hata kidogo.

Kwa hiyo, dada unayetengeneza, sema wazi siku ya kupatana bei: "Etaji hizi ni za kuonyesha, na plato hizi ni za kula." Andika katika karatasi, kila mmoja akae na yake. Na ninyi waarusi, ambieni wazazi wa pande zote mbili. Mgeni akiuliza, mumujibu bila haya. Katika arusi ya Kana, jambo lililotisha lilikuwa divai kuisha. Hakuna mahali tunaposoma kwamba mtu alihesabu mapambo ya meza.

Kijana, mkono unafundishwa

Mwaka 2003, mpango wa kuondoka kwa hiari ulipoanza katika Gécamines, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Nyumba nyingi ziliendelea kuishi kwa mikono ya wamama: mikate, bitumbula, mboga, cherehani. Tusingoje siku mbaya kusudi tujifunze.

Frigoliti ni mwalimu mvumilivu. Ukikosea ua, unaosha glasi na maji, unakausha, unaanza tena. Hukuharibu gato ya mtu. Fanya moja nzuri, uiweke mahali watu wanapita, nayo itakutafutia kazi hata wakati wewe umelala. Ukimaliza arusi moja, ifunge na nailoni ndani ya kartoni, mbali na panya na mende, na uikodishe kwa arusi ingine kwa bei inayosemwa wazi.

Ndugu msomaji, kama katika nyumba yako kuna arusi inayokuja, kaeni pamoja wiki hii, mbele mtu hajaenda kukopa. Muulizane: ni nini cha macho, na ni nini cha tumbo? Cha macho kiwe chepesi. Cha tumbo kiwe cha kweli na kitoshe watu wote. Na siku ya kwanza ya kazi nyuma ya arusi, wale watoto wawili waamke katika nyumba yao bila mtu wa deni mlangoni.